Ada ya Tabibu wa Usiku: Uzazi wa Nyumbani katika Mji wa Rochdale

Kila aliyepata kusoma habari za ushirika, hata ikiwa ni kiasi tu cha kumwezesha kuketi katika mkutano mkuu wa chama cha wakulima na kuinua mkono wakati wa kura, amelisikia jina la Rochdale, mji wa viwanda vya pamba ulioko kaskazini ya Manchester chini ya milima ya Pennines, ambako mwaka 1844 watu 28 walifungua duka lao dogo katika njia iitwayo Toad Lane, wakaanza kuuza siagi, sukari, unga na mishumaa kwa mizani isiyopunjwa. Lakini mji huo huo una habari nyingine, isiyotajwa katika vitabu vya ushirika, nayo kwangu mimi niliyeshika kazi ya ukunga haipungui ile ya kwanza kwa uzito: kwamba miaka karibu tisini baada ya duka lile kufunguliwa, Rochdale ilikuwa miongoni mwa miji mibaya kabisa ya Uingereza kwa mwanamke kujifungua, ikihesabiwa kuwa na vifo kama 9 vya wazazi katika kila uzazi 1000, yaani maradufu ya hesabu ya nchi nzima, na kwamba katika muda wa miaka michache tu, pasipo kuongezeka fedha mifukoni mwa watu wala kubomolewa nyumba mbovu, hesabu ile ikashuka hata ikawa chini ya theluthi ya ilivyokuwa.

Nataka kueleza hilo lilikuwaje, na hasa jinsi uzazi wa nyumbani ulivyotengenezwa katika miji ya Kiingereza kama huo mpaka katikati ya karne ya ishirini. Kwa kuwa wengi wetu hudhani kwamba Mzungu amezaliwa hospitali tangu kale, na kwamba uzazi wa nyumbani ni jambo la kwetu peke yetu, ilhali mwaka 1927, katika kila watoto 100 waliozaliwa Uingereza na Wales, kama 85 walizaliwa majumbani, katika vyumba walimolala mama zao, na maji yakichemka jikoni juu ya moto wa makaa ya mawe.

Yafaa kwanza msomaji aelewe kwamba Rochdale ilikuwa manispaa ya daraja la juu, iliyojitegemea na isiyokuwa chini ya baraza la jimbo, na kwa sababu hiyo baraza la mji lenyewe ndilo lililokuwa msimamizi wa wakunga wote waliofanya kazi ndani ya mipaka yake, kwa mkono wa Mganga Mkuu wa mji. Jambo hili laonekana kuwa la makarani, na pengine msomaji ameanza kupiga miayo. Lakini nampa ahadi kwamba karibu kila mzazi aliyenusurika katika habari hii alinusurika kwa sababu karani fulani alikuwa na idhini ya kulipa fedha fulani.

Sheria ya kwanza ya wakunga ya Uingereza ilipita mwaka 1902, baada ya miswada kadhaa kukataliwa, na matabibu wengi walikuwa katika waliopinga, wakihofia riziki yao. Kabla ya hapo mwanamke yeyote aliweza kujiita mkunga. Kila mtaa ulikuwa na bibi wake, aghalabu mjane au mama wa watoto wengi, ambaye alizalisha, akafua, akawapikia watoto waliotangulia, na mtu akifa mtaani ndiye huyo huyo aliyeitwa kuosha maiti. Na yeye apokeaye uhai asubuhi na kuosha maiti jioni, pasipo kujua habari za vijidudu, hakosi kubeba kitu mikononi mwake. Sheria ikaunda Baraza Kuu la Wakunga, ikaweka daftari, ikasema kwamba tangu 1905 hakuna ruhusa ya kulitumia jina la mkunga bila ya hati, na tangu 1910 hakuna ruhusa ya kuifanya kazi hiyo kwa desturi na kwa malipo bila ya hati au bila ya amri ya tabibu. Wale mabibi wa zamani waliokuwa na sifa njema na waliokwisha fanya kazi mwaka mzima kabla ya sheria waliandikwa daftarini pamoja na waliosoma, maana wabunge walitambua kwamba wakiwaondoa wote kwa siku moja, maskini wangebaki bila ya mtu wa kuwashika mkono. Busara hiyo naipenda, ijapokuwa ilileta taabu zake, kwa sababu baadhi yao hawakujua kusoma kipima joto.

Kanuni za Baraza zilimwambia mkunga kwamba kazi yake ni uzazi ulio salama, na kwamba mara aonapo dalili ya hatari, kama vile damu nyingi, mtoto aliyekaa kikingama, kifafa, au homa baada ya kujifungua, ni wajibu wake kumwita tabibu, na kwamba asipofanya hivyo aweza kufutwa daftarini. Kanuni ilikuwa njema, lakini ilikuwa na tundu kubwa katikati yake: haikusema ni nani atakayemlipa tabibu. Fikiri basi hali ya mkunga saa nane ya usiku, katika nyumba ambamo mume hana kazi tangu kiwanda kifungwe, mzazi amekuwa na uchungu siku ya pili, na sheria yamwamuru mkunga kuita, ilhali tabibu ajua kwamba ada yake huenda asiione kabisa. Huyo tabibu ama alikataa kutoka kitandani, ama alitoka kwa ghadhabu akaja na koleo lake na haraka yake, akamtoa mtoto kwa nguvu ili arudi kulala. Na watu wa nyumba, kwa kuiogopa ada, walimsihi mkunga angoje kidogo, na kidogo tena. Tundu hilo halikuzibwa mpaka sheria ya mwaka 1918, ilipoamriwa kwamba tabibu akiitwa na mkunga katika dharura, mamlaka ya mji itamlipa, kisha yenyewe itafute kurudishiwa na familia kwa kadiri ya uwezo wao. Vitabu vya historia ya tiba huipa sheria hii mistari miwili tu, na vikaenda mbio kwenye penisilini. Mimi ningeipa sura nzima.

Mwaka huo huo wa 1918 ikapita sheria nyingine iliyoziruhusu manispaa kufungua kliniki za waja wazito na za watoto wachanga, na hapa tena mkono wa ushirika waonekana, kwa kuwa Chama cha Wanawake wa Ushirika, kilichoanzishwa mwaka 1883 na kuongozwa kwa miaka mingi na Margaret Llewelyn Davies, kilikuwa kimekusanya barua za wanawake wa kazi, 160 hivi, zikapigwa chapa mwaka 1915 kuwa kitabu, kila mmoja akieleza kwa maneno yake mwenyewe mimba zake, maiti wachanga aliowazika na kazi alizozifanya hata siku ya uchungu. Chama hicho ndicho kilichopigania fedha za uzazi zilizokuwa katika sheria ya bima ya mwaka 1911, shilingi 30 kwa kila uzazi, na miaka miwili baadaye kikashinda shauri la pili, kwamba fedha hizo ni mali ya mke, si ya mume.

Huko kuangaliwa kwa mwanamke kabla ya kujifungua, ambako siku hizi twakuona kuwa jambo lisilohitaji hoja, kulikuwa kugeni. Asili yake hutajwa kuwa Edinburgh, ambako John William Ballantyne alipewa mwaka 1901 kitanda kimoja katika hospitali ya wazazi kwa ajili ya wajawazito wagonjwa. Na mwaka 1929 Wizara ya Afya ya Uingereza ikaandika ratiba ambayo mkunga yeyote wa Afrika ya Mashariki aliyesoma katika karne hiyo ataitambua mara moja, kwa kuwa ndiyo iliyofika kwetu: mara ya kwanza katika juma la 16, kisha la 24, kisha la 28, halafu kila baada ya majuma mawili mpaka la 36, na tangu hapo kila juma hata siku ya kujifungua. Majuma hayo hayakupatikana kwa majaribio yoyote. Waliketi wakuu wakayapanga kwa akili zao, na dunia nzima ikayafuata muda mrefu kana kwamba yameteremshwa.

Katika kliniki ya manispaa mwanamke aliulizwa habari za mimba zilizopita, akapimwa kimo na uzito, akatazamwa miguu na nyonga, kwa sababu katika miji ile ya moshi, ambamo dohani za viwanda ziliziba jua, watoto wengi walikuwa wamekua na matege, na msichana mwenye matege huja kuwa mwanamke mwenye nyonga iliyobanwa ambayo kichwa cha mtoto hakipiti. Mkojo alikuja nao mwenyewe katika kichupa cha dawa au cha achari, mkunga akautia katika bomba la kioo, akauchemsha juu ya moto wa spiriti na kudondoshea asidi kidogo, akatazama kama umeganda ukungu mweupe. Kwa maana ukungu huo ni albumini, na albumini pamoja na shinikizo la damu lililopanda na miguu iliyovimba ni mtangulizi wa kifafa cha mimba. Kisha tumbo likapapaswa kwa mikono iliyopashwa moto, ikajulikana kichwa kiko wapi, na ile pembe ndogo ya mti aliyoitengeneza Mfaransa Adolphe Pinard mwishoni mwa karne ya kumi na tisa ikawekwa tumboni, mkunga akaweka sikio, akahesabu mapigo. Baadaye yakaongezwa mambo ya damu: kipimo cha kaswende, wekundu wa damu, na tangu miaka ya 1940 kundi la Rhesus.

Basi kliniki zikaenea, na hapa ndipo penye fumbo. Tangu mwanzo wa karne vifo vya watoto wachanga vilikuwa vikishuka vizuri, kutoka zaidi ya 140 katika kila 1000 hata kama 60 katika mwaka 1930; lakini vifo vya mama havikushuka hata kidogo. Vilikaa pale pale, takriban 4 katika kila uzazi 1000, na mwaka 1934 vikazidi kupanda. La ajabu zaidi, wake wa matajiri hawakuwa na heri kuliko wake wa vibarua. Hesabu za mwanzoni mwa miaka ya 1930 zilionyesha kwamba wao ndio waliokufa zaidi kidogo. Watu walioamini kwamba umaskini peke yake ndio uuao walipata tabu ya kulieleza jambo hili, na waliozisifu kliniki wakapata tabu zaidi.

Jawabu lilikuwa na pande mbili. Upande wa kwanza ni kwamba mke wa tajiri alizalishwa na tabibu, na tabibu wa siku zile, mwenye wagonjwa wa koo na wa vidonda tangu asubuhi, alikuwa mwepesi wa kushika koleo na kutia dawa ya usingizi mahali ambapo mkunga angengoja. Nao walioingiliwa bila ya haja waliumizwa, na walioumizwa walipata homa. Upande wa pili ni homa yenyewe. Sehemu kubwa ya vifo ilitokana na homa ya uzazi, na homa hiyo huletwa na kijidudu kiitwacho streptokoka, ambacho hakionekani katika mkojo wala hakisikiki kwa pembe ya Pinard. Kliniki iliweza kumgundua mwenye nyonga mbaya. Haikuweza kugundua kwamba mkunga au tabibu atakayemzalisha ana kijidudu kooni mwake.

Rochdale ilifanya nini? Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ilimpata Mganga Mkuu mpya, Andrew Topping, ambaye baadaye alikuwa mkuu wa chuo cha London cha siha na maradhi ya nchi za joto, ambako matabibu waliokuja kufanya kazi katika nchi zetu walisomea. Hakugundua dawa yoyote. Aliutangazia mji aibu yake: katika magazeti, katika mikutano ya wanawake, hata makanisani, akaeleza ni wanawake wangapi wamekufa na kwamba wangeweza kuishi. Akakubaliana na matabibu wa mji juu ya jambo lililokuwa gumu kuliko yote, kwamba wasimwingilie mzazi kabla ya wakati, na kwamba penye shida wamwite bingwa wa uzazi bila ya kuona haya. Kliniki nazo zikafanywa kuwa mahali pa kuamua, si mahali pa kupima na kuandika tu, hata mwanamke aliyeonekana ana kasoro akajulikana atazaa wapi na mikononi mwa nani. Haya yote yalifanywa katika miaka ambayo biashara ya pamba ilikuwa imeanguka na watu wa mji wakila kwa shida. Matabibu walioichunguza habari hii na kuiandika mwaka 1935 waliona kwamba kilichobadilika ni namna ya kutenda kazi.

Mwaka uliofuata dawa ikapatikana. Katika hospitali ya Queen Charlotte's ya London, Leonard Colebrook, ambaye dada yake Dora alikuwa amethibitisha kwamba kijidudu cha homa ya uzazi mara nyingi hutoka katika koo za watu wanaomhudumia mzazi, alijaribu dawa nyekundu ya Kijerumani iitwayo Prontosil, mzazi wa dawa zote za salfa, na katika wagonjwa 38 wa kwanza wakafa watatu tu, ugonjwa ambao zamani ulichukua hata mmoja katika kila wanne. Msomaji asiyepata kumsikia Colebrook huenda ana kazi yake katika kabati la nyumbani, kwa sababu ile dawa ya Dettol ilijaribiwa naye katika hospitali hiyo hiyo mwaka 1933, apate kitu cha kuua streptokoka juu ya ngozi bila ya kuchoma mikono ya wakunga. Tangu 1937 vifo vikaanza kuporomoka, na kufikia mwaka 1950 Uingereza ilikuwa imeshuka chini ya kifo 1 katika kila uzazi 1000.

Lakini nisije nikavutwa na dawa nikasahau nilichokusudia. Mwaka huo huo wa 1936 ilipita sheria nyingine ya wakunga, iliyoziamuru mamlaka zote kuwaajiri wakunga kwa mshahara, na naona ilitenda kazi sawa na salfa. Kabla yake mkunga aliishi kwa ada ya kila uzazi. Mwanamke aliyempeleka kliniki, akaonekana ana kasoro, akapewa kitanda cha hospitali, alikuwa ni ada iliyopotea. Na mwanamke aliyempokonya jirani yake kwa kushusha bei alikuwa ni ada iliyopatikana. Sheria ya 1918 ilikuwa imemwondolea hofu ya kumwita tabibu. Lakini tumbo lake mwenyewe lilikuwa bado lamzuia kumwachia mzazi aende zake. Mwenye mshahara hapotezi kitu kwa kusema kweli. Tangu hapo mkunga wa manispaa alipewa mtaa wake, sare yake ya buluu nzito na kofia, mkoba wake, siku yake ya mapumziko na mwenziwe wa kumshika zamu, na juu yake msimamizi aliyeweza kuja bila ya taarifa akafungua mkoba na kuhesabu mikasi. Kusoma kwake kukagawanywa sehemu mbili, ya kwanza hospitali na ya pili mitaani. Aliyekwisha kuwa muuguzi alisoma mwaka mmoja, na asiyekuwa muuguzi miaka miwili.

Tuingie basi nyumbani kwa mzazi, tuseme mwaka 1952. Nyumba ni moja katika safu ndefu zilizogusana kuta, vyumba viwili chini na viwili juu, choo nje uani, na bomba la maji ni moja, la maji baridi. Mkunga alikwisha fika mara moja au mbili katika mwezi wa nane wa mimba, akakitazama chumba, akaagiza vya kuwekwa tayari: beseni mbili, ndoo, sabuni, vitambaa safi, karatasi nzito ya kahawia na magazeti ya zamani, ambayo yalitandikwa kitandani kwa kuwa ni masafi, huvuta unyevu na huteketezwa bila ya hasara. Kama hapana kitanda cha mtoto, saraka ya kabati yatosha. Uchungu ukianza, mume alikimbia kwenye simu ya njiani au mlangoni kwa mkunga, ambapo palikuwa na ubao wa kuonyesha yuko wapi. Akaja kwa baiskeli, au akijaliwa kwa motakaa, akavaa aproni na barakoa, akanawa mpaka viwiko, akamtazama mzazi, kisha akafanya lile tendo ambalo wanafunzi hupata taabu zaidi kujifunza, akaketi. Mume, kwa desturi, alibaki chini na birika za maji ya moto, ambayo kwa kweli hayakuhitajika mengi hivyo, ila mwanamume asiyepewa kazi hupanda ngazi kila dakika tano. Mtoto akizaliwa, kitovu kikafungwa na kukatwa, macho yakasafishwa, kondo la nyuma likatazamwa kwa uangalifu kama limetoka zima, kisha aghalabu likachomwa katika moto wa jikoni. Na jirani akaleta chai.

Juu ya maumivu, watu wa Kiingereza walibishana miaka mingi. Robert James Minnitt wa Liverpool alitengeneza mwaka 1933 chombo cha kuchanganya hewa ya naitrasi oksaidi na hewa ya kawaida, na mwaka 1936 Baraza la Wakunga likawakubalia wakunga waliofundishwa wakitumie wenyewe. Hekima ya chombo hicho ni kwamba mzazi alikishika kifuniko kwa mkono wake mwenyewe. Akilemewa na usingizi mkono huanguka, kifuniko huondoka puani, naye huzindukana, kwa hiyo hawezi kujizidishia. Lakini mzazi ilimpasa awe na cheti cha tabibu kuwa anafaa, hapo mwanzo palitakiwa mtu wa pili mwenye ujuzi awepo, na chombo chenyewe kilikuwa kizito kwa mtu wa baiskeli. Matokeo yake ni kwamba hata baada ya vita wanawake wengi waliozaa nyumbani hawakukionja. Mwaka 1949 mbunge Peter Thorneycroft alipeleka mswada ili kila mzazi apate haki hiyo. Ukashindwa kwa kura, ila makelele yake yaliziamsha manispaa, na katika miaka michache karibu wakunga wote wa nyumbani wakawa wamefundishwa. Tangu 1950 wakaruhusiwa pia pethidini.

Damu ilikuwa hofu ya namna nyingine, kwa kuwa haingoji. Tangu 1935, Chassar Moir na Harold Dudley walipoitenga ergometrini, mkunga alikuwa na sindano ya kuubana mfuko wa uzazi kwa dakika chache. Na isipotosha, hapo ndipo kuita kulipofikia ukamilifu wake, kwani badala ya kumkimbiza mzazi mwenye kumwaga damu katika gari likirukaruka juu ya mawe, hospitali yenyewe ilikuja kwake. Kikosi cha namna hiyo kilianza Bellshill, Uskoti, mwaka 1933, kikafuatwa na Newcastle mwaka 1935, na baada ya vita kikaenea miji mingi: bingwa wa uzazi, mtia usingizi, muuguzi na chupa za damu, wote wakipanda ngazi nyembamba ya nyumba ya kibarua na kufanya kazi juu ya kitanda kile kile chenye magazeti. Aliyewaita alikuwa mkunga au tabibu wa mtaani kwa simu moja, na hakuna aliyemwuliza mume atalipa nini.

Baada ya kuzaa, mkunga alirudi asubuhi na jioni kwa siku tatu za kwanza, kisha kila siku mpaka ya 14, akipima joto na mapigo ya moyo, akitazama kitovu na maziwa, na joto likipanda tu, tabibu huitwa. Sisi tulio na arobaini tutaziona siku 14 kuwa chache, na kweli ni chache. Ila tuseme haki, katika arobaini yetu mzazi hufichwa na kulishwa, lakini si kila mzazi aliyepimwa joto kila siku. Siku ya 15 akaja bibi afya, kazi ambayo asili yake huhesabiwa kuwa ni wanawake waliotumwa mwaka 1862 kuzunguka majumbani katika Manchester na Salford. Na ng'ambo ya milima, Huddersfield, meya Benjamin Broadbent aliwahi kuahidi pauni moja kwa kila mtoto aliyezaliwa katika kata ya Longwood wakati wa umeya wake na kutimiza mwaka, mama akakabidhiwa hati ya ahadi pamoja na mawaidha ya kunyonyesha. Wengi walimcheka. Pauni akalipa.

Tarehe 5 Julai 1948 matibabu yote yakawa bure kwa sheria ya afya ya taifa, na uzazi wa nyumbani ukabaki kuwa wa manispaa. Hapa sina budi kulaumu. Sheria ile njema iliigawa mimba moja kwa mabwana watatu, kwa kuwa hospitali ilikuwa na bodi yake, tabibu wa mtaani alikuwa na kamati yake na ada yake mpya ya kumwangalia mjamzito, na mkunga na kliniki walibaki kwa baraza la mji. Hata mwanamke mmoja akawa na madaftari matatu yasiyosemezana, na tabibu ambaye hakuwapo wakati wa kuzaa akawa amelipwa. Kliniki za manispaa zikapoteza watu, na wakunga, ambao ndio waliomwona mwanamke nyumbani kwake na kujua kama ngazi ina mwanga, mara nyingine walijulishwa mwishoni.

Hesabu nazo zilikuwa zikienda upande mwingine. Uchunguzi uliofanywa katika juma moja la Machi 1958 ulionyesha kwamba kama 36 tu katika kila uzazi 100 ulikuwa wa nyumbani, aghalabu mimba ya pili, ya tatu au ya nne ya mwanamke mwenye afya na chumba cha kutosha. Kwani wa mimba ya kwanza, mwenye umri mkubwa, mwenye watoto wengi na mwenye nyumba mbovu walipewa vitanda, au walistahili kupewa. Mwaka 1959 kamati ya serikali ikashauri kwamba 70 katika 100 wazae hospitali, na mwaka 1970 kamati nyingine ikasema wote. Tarehe 1 Aprili 1974 madaraka ya afya yakaondolewa katika mabaraza ya miji, na wakunga wa manispaa, pamoja na mikoba yao, madaftari yao na haki yao ya kumwita tabibu kwa gharama ya mji, wakahamishiwa katika idara ya taifa.